Yoga yaweza kumfaa askari lindoni

Askari aliyesimama lindo usiku kucha, kisha alfajiri akapanda lori na shanta mgongoni, huyajua maumivu ya kiuno bila kufundishwa na daktari. Dawa anayoambiwa mara nyingi ni kukimbia zaidi. Sisi tungependa kumweleza habari za mazoezi mengine, nayo ni yoga kutoka India, ingawa tunajua wako watakaocheka. Picha zilizoenea ni za mtu aliyepitisha mguu nyuma ya shingo, na polisi wa doria ana haki ya kuuliza jambo hilo litamfaa nini. Halitamfaa kitu. Yoga tunayoikusudia ni ile iliyopunguzwa na kugeuzwa hata ikalingana na mwili wa mtu na kazi yake ya kila siku.

Aliyefanya kazi kubwa katika jambo hili ni B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India. Utotoni alisumbuliwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, akawa dhaifu mno. Shemeji yake Krishnamacharya, mwalimu wa yoga mjini Mysore, ndiye aliyemwanzisha mazoezi hayo, na mwaka 1937 kijana huyo akaenda Pune kufundisha. Kwa kuwa mwenyewe alianza na mwili uliokataa kupinda, hakuona aibu kumpa mwanafunzi vitu vya kumsaidia: kiti, kamba, mkanda, blanketi, tofali la mbao. Asiyeweza kugusa sakafu aliwekewa tofali, sakafu ikamfuata mkononi. Iyengar alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 95.

Na tuyatazame sasa mambo ya lindo. Mtu akisimama wima bila kutikisika, damu hujikusanya miguuni, kwa maana misuli ya mashavu ya miguu, ambayo huisukuma irudi moyoni, imelala. Ndiyo sababu askari hodari huweza kuzirai katika gwaride pasipo ugonjwa wowote. Katika yoga uko mkao uitwao Tadasana, yaani mlima: uzito hugawanywa sawa juu ya nyayo mbili, magoti yasikazwe kupita kiasi. Ukiongeza hapo kuinua visigino na kuvishusha taratibu, misuli ile huamka.

Kuinama ndiko kwenye hatari zaidi. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza, nyonga hushindwa kukunjika, na anayeokota sanduku la risasi hupinda mgongo mahali pa nyonga. Kujilazimisha kugusa vidole vya miguu huzidisha kosa lile lile. Zoezi lililorekebishwa ni hili: shika ukuta au mgongo wa kiti kizito kwa mikono miwili, rudi nyuma hatua chache hadi mikono inyooke, kisha sukuma makalio nyuma ukiinama kutoka nyongani, mgongo umenyooka kama ubao. Magoti yakitaka kukunjika kidogo, yaache. Vuta pumzi polepole kwa pua mara tano au sita, ndipo uinuke. Mwili ukilizoea umbo hilo, ndilo litumikalo kuinua sanduku, ila magoti hukunjwa zaidi.

Huko San Diego, Marekani, askari wastaafu 150 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu walifanyiwa utafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kundi moja lilifundishwa yoga mara mbili kwa wiki kwa majuma 12, kundi la pili likangojeshwa. Mwisho wa majuma hayo makundi hayo hayakutofautiana sana katika uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Tofauti ilijitokeza katika mwezi wa sita. Twalisema hili mapema ili mtu asiache zoezi siku ya nne akidai amedanganywa.

Wako pia wanaouliza habari za dini. Ni kweli asili ya yoga imo katika dini na falsafa za India, na mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu kuifanya. Kila mmoja na ashauriane na kiongozi wake; kuinama ukishika kiti, kwa maoni yetu, hakuhitaji wimbo wala sala ya mtu mwingine.

Mwenye maumivu yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi asijaribu lolote kabla ya kuonana na daktari wa kikosi. Mwenye shinikizo kubwa la damu asiinamishe kichwa chini ya usawa wa moyo.

Kambini viti huwa haba. Ukuta wa bweni watosha, hata ubavu wa lori lililoegeshwa. Wakati ufaao ni baada ya zamu, buti zikiwa zimekwisha vuliwa, kabla ya kengele ya chakula.