Paneli Iliyo Chini ya Kitanda

Nilipokuja kuanza mwaka wa kwanza nilivuka bahari na paneli ya sola. Usicheke. Nyumbani Nanganga, pale njia panda ya kwenda Masasi na Ruangwa, kaka yangu alifunga ya kwake juu ya bati asubuhi, jioni taa zikawaka. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Nikapanga kumfanyia hivyo hivyo shangazi, aliyeolewa Unguja, anayekaa Kiponda ndani ya Mji Mkongwe. Naishi kwake kwa sababu bumu halifiki mwisho wa mwezi, na yeye kila siku analalamika jinsi umeme wa TUKUZA unavyokwisha upesi.

Leo niko mwaka wa tatu. Paneli iko chini ya kitanda changu. Kwenye mijadala ya chuo nawasikia wenzangu wakisema wenye nyumba za mjini hawajali mazingira. Nilisema hivyo pia, kabla sijakaa ndani ya nyumba hizo.

Kwanza, nyumba si ya shangazi peke yake. Ni mirathi ya upande wa marehemu mumewe. Mrithi mmoja yuko Muscat, mwingine Mombasa, na huyo wa Mombasa hapokei simu. Huwezi kutoboa paa la watu watano kwa idhini ya mmoja. Majirani wengine wako kwenye nyumba za wakfu, wengine kwenye nyumba zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Hao ni wapangaji. Mpangaji atatoa wapi moyo wa kutia fedha zake kwenye paa lisilo lake?

Halafu kuna kibali. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ukitaka kubadili sura ya nje ya nyumba unapita kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Siwalaumu. Kila mtu akijifungia anachotaka, mji utageuka. Ila mama mwenye magoti mabovu akihesabu safari za kufuatilia karatasi, anaona heri anunue umeme. Na tangu sehemu ya Beit al Ajaib iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, shangazi hataki hata kusikia habari ya kuongeza uzito juu.

Lakini kilichonifungua macho ni ukuta. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari ndefu, madirisha marefu, uchochoro mwembamba wenye kivuli. Zilijengwa zipoe kabla umeme haujakuwepo. Unyevu unaopanda kutoka chini unapita kwenye chokaa na kukauka nje. Sasa plasta ikibanduka, fundi wa haraka anapiga saruji. Saruji inaziba. Maji yanabaki ndani ya ukuta, chumvi inachanua, chumba kinanuka uvundo, watu wanafunga madirisha na kuwaza kiyoyozi. Hewa ukaa ya nyumba kongwe mara nyingi inaanzia hapo, kwenye ndoo ya fundi.

Saruji yenyewe ina deni lake. Utengenezaji wake duniani unatoa kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu, maana mawe yanachomwa hadi karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi. Chokaa inatosheka na kama nyuzi 900, na ikigandia ukutani inavuta tena sehemu ya gesi iliyoitoa. Lakini jamani, chokaa nayo si malaika. Tanuu za kienyeji zinakula magogo. Boriti za dari nazo ni mikoko, miti ambayo tope lake linahifadhi kaboni nyingi mno. Ukitengeneza nyumba kwa uaminifu kama wazee, unarudi msituni na shoka. Hapo mtu wa urithi na mtu wa mazingira wanagombana, na wote wana haki.

Na umeme wenyewe? Unguja inaupata kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980, na waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi 2013. Bwawa la Nyerere limeongeza umeme wa maji kwenye gridi, lakini bado kuna mitambo ya gesi, na baadhi ya gesi hiyo inatoka Mnazi Bay, mkoani kwetu Mtwara. Kiyoyozi cha Kiponda kinaunguza vya kwetu!

Mwezi uliopita tulibandua saruji kwenye ukuta mmoja wa sebuleni. Fundi mzee akapaka chokaa, kidogo kidogo, siku nyingi, na gharama ilimtoa shangazi jasho. Harufu imepungua. Jana alifungua dirisha, akakaa chini yake akichambua mchele, akaniambia, "Mwanangu, hicho kiyoyozi tungoje kwanza."

Mrithi wa Muscat amekubali paneli. Wa Mombasa bado hapokei simu.