Radikio: Kwa nini saladi nyekundu ya Italia huhitaji baridi

Majani mekundu yenye mishipa myeupe na ladha ya uchungu yameifanya radikio kuwa mboga mashuhuri ya majira ya baridi kaskazini mwa Italia. Wakaazi wengi wa Ulaya huipanda pia katika bustani za nyumbani, lakini si kila anayeipanda huvuna vichwa vyekundu vilivyofunga vizuri. Wengine huambulia majani ya kijani yaliyotawanyika, au shina refu la maua. Tofauti hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na tarehe ya kupanda.

Radikio ni aina ya chikori, mmea unaojulikana kitaalamu kama Cichorium intybus. Chikori ya porini huota kando ya barabara za Ulaya na kuchanua maua ya buluu, na mizizi ya baadhi ya aina zake hukaangwa na kusagwa kuwa kinywaji kinachotumika badala ya kahawa. Mmea huu ni wa jamii moja na letusi, na pia mchunga, mboga chungu inayofahamika vyema katika pwani ya Afrika Mashariki. Aliyezoea uchungu wa mchunga hatashangazwa na ladha ya radikio.

Kitovu cha kilimo chake ni jimbo la Veneto, ambako aina nyingi hubeba majina ya miji. Ya Chioggia ni ya mviringo kama kabichi ndogo, ya Treviso ni ndefu, na ya Castelfranco ina majani ya manjano hafifu yenye madoa mekundu. Mji wa Treviso uliandaa maonyesho yake ya kwanza ya mboga hiyo Desemba mwaka 1900, na mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliyapa majina ya radikio za Treviso na Castelfranco ulinzi wa kisheria.

Baridi adui, baridi rafiki

Kwa kawaida, radikio huishi misimu miwili. Mwaka wa kwanza huotesha majani na mzizi mnene. Mwaka wa pili, baada ya kupitia majira ya baridi, hutoa maua na mbegu. Mche mchanga ukipigwa na baridi mwanzoni mwa mwaka, huichukulia baridi hiyo kana kwamba ndiyo majira yenyewe yaliyopita. Siku zinaporefuka, huharakisha kuchanua badala ya kufunga kichwa, na jasho la mkulima hupotea.

Ndiyo maana wakulima wengi wa Ulaya husia mbegu kati ya katikati ya Juni na mwishoni mwa Julai, ili mmea ukomae wakati wa vuli. Hapo baridi hugeuka rafiki: huchochea majani kutengeneza anthosianini, viini vinavyoyapa rangi nyekundu, na ladha nayo huwa laini zaidi.

Kutoka mbegu hadi kichwa

Mbegu husiwa kwa kina cha sentimita moja, ama moja kwa moja shambani au katika trei za kitalu, na kwa kawaida huota ndani ya wiki moja hivi. Miche huhamishwa ikiwa na umri wa wiki nne hivi, kabla mzizi wake mkuu haujajikunja ndani ya trei. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 25 hadi 30. Ikibanana, vichwa hubaki vidogo na majani huoza kwa kukosa hewa.

Udongo unaofaa ni wenye kina, usiotuamisha maji, na uliochanganywa na mboji iliyooza barabara. Samadi mbichi na mbolea nyingi ya naitrojeni huleta majani mengi yasiyofunga. Umwagiliaji uwe wa kawaida na usiokatizwa, kwa kuwa ukame na joto huzidisha uchungu. Konokono wasio na kombe ndio wasumbufu wakubwa wa miche, na njia rahisi ni kuwaokota kwa mkono wakati wa jioni.

Aina nyingi za mviringo huwa tayari baada ya siku 60 hadi 90. Kichwa hubonyezwa kwa vidole: kikiwa kigumu, hukatwa juu kidogo ya udongo. Mzizi uliobaki unaweza kuchipua tena.

Mavuno ya gizani

Radikio ya Treviso ya msimu wa mwisho huhitaji kazi ya ziada. Kanuni zake zinataka mimea ipigwe kwanza na jalidi angalau mara mbili. Kisha hung'olewa pamoja na mizizi na kusimamishwa gizani ndani ya maji ya chemchemi yenye nyuzi joto 11 hivi. Humo mmea huchipua upya kwa akiba iliyo katika mzizi, na kwa kuwa hakuna mwanga, machipukizi huwa meupe na mekundu bila ukijani. Simulizi za Treviso zinamtaja mtaalamu wa bustani kutoka Ubelgiji, Francesco Van den Borre, kuwa ndiye aliyeleta mbinu hiyo katika karne ya 19.

Nyumbani, mizizi iliyong'olewa na kupunguzwa majani inaweza kupandwa katika ndoo ya mchanga wenye unyevu na kufunikwa kabisa mahali pa baridi. Baada ya wiki tatu au nne machipukizi huwa tayari.

Vuli yenye joto huchelewesha jalidi, na pamoja nayo rangi na mavuno. Kwa mkulima wa Treviso, hilo linagusa kipato cha msimu mzima. Kwa mwenye bustani ya nyumbani, ni sababu ya kuchagua aina zinazofunga kichwa hata pasipo baridi kali, na kutoharakisha kuvuna kabla usiku haujapoa.