Sura ya Nne: Mbaazi Kwanza, Hamri Baadaye

Swali linaloulizwa kila panapozungumzwa kupunguza mwili, kuanzia Likoni hadi Mtopanga hapa Mombasa, ni lilelile: niache nini? Mmoja ameambiwa aache wanga, mwingine aache nazi, wa tatu ameambiwa asitie kitu kinywani baada ya magharibi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: chakula hiki nitaweza kukila mpaka lini? Hilo ndilo swali lenye maana. Ulaji unaopunguza mwili ni ule ambao mtu atakuwa bado anaula baada ya miaka mitatu, na kwa mkazi wa Kisauni au Changamwe ulaji wa namna hiyo hautoki kwenye rafu za vyakula vya kigeni. Unatoka katika chungu kilekile kilichoko jikoni, vipimo vyake vikibadilishwa. Jambo lenyewe si la watu wachache: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wamezidi uzito unaofaa. Nimepanga kuzungumzia dawa kwanza, kisha saa za kula, kisha chakula chenyewe.

Dawa hazihitaji kurasa nyingi, ingawa ndizo zinazouzwa kwa kelele nyingi. Sanamaki iliyofungwa kwenye vikaratasi na kuitwa chai ya kukata kitambi ni sanamaki tu, ileile ambayo bibi alimpa mtu aliyefunga choo. Wanga, protini na mafuta hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Sanamaki inachokoza utumbo mpana, ambako sehemu kubwa ya chakula imekwisha kuingia mwilini. Kinachotoka ni maji na choo. Mizani inashuka asubuhi, mtu anakunywa maji, na jioni inapanda tena. Akiendelea hivyo kwa miezi anapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Limau katika maji ya moto halina ubaya, ila halichomi mafuta. Ama siki ya tufaha, utafiti kutoka Lebanon ulioisifu mwaka 2024 ulitangazwa duniani kote. Mwaka 2025 jarida lililouchapisha likauondoa kwa sababu takwimu zake hazikuweza kutegemewa. Walionunua chupa hawakurudishiwa pesa.

Keto, ulaji unaokata karibu wanga wote, inastahili heshima kidogo, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ilibuniwa na Russell Wilder katika Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1921, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Anayeianza hupungua haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowapumbaza watu: mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji, kila gramu ya wanga kwa takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo wiki ya kwanza kinachokwisha zaidi ni maji hayo. Baadaye mambo yanakuwa ya kawaida. Mwaka 2005 Michael Dansinger na wenzake waligawa watu 160 katika dayati nne mashuhuri, na baada ya mwaka mmoja kilichotofautisha aliyepungua na asiyepungua hakikuwa jina la dayati bali jinsi mtu alivyoishika. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford akalinganisha ulaji wa mafuta machache na ulaji wa wanga mchache kwa watu 609 katika muda wa miezi kumi na miwili. Kundi la kwanza lilipungua kilo 5.3 kwa wastani, la pili 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua kilo zaidi ya ishirini na walionenepa. Basi mtu anayejua kwamba mwaka hautapita bila harusi, matanga na sinia la pilau, ana sababu gani ya kuchagua ulaji unaomkataza wali?

Hapa ndipo mpango wangu unapovurugika, kwa sababu siwezi kuutaja wanga wa Pwani nikapita bila kusimama kwenye mahamri na mbaazi. Kiamsha kinywa hiki kinalaumiwa kuliko chakula kingine chochote, na kinalaumiwa kizima, kana kwamba vitu viwili hivyo ni kimoja. Hamri la gramu sitini hivi, ambalo ni unga mweupe, sukari, tui, hiliki na mafuta ya kukaangia, lina kalori mia mbili na ushei, na linaliwa kwa kutafunwa mara chache tu. Mbaazi ni kitu kingine kabisa. Bakuli la gramu mia mbili za mbaazi zilizochemshwa, kabla ya tui, lina kalori kama 240, na ndani yake zimo protini gramu kumi na tatu na nyuzinyuzi zinazokaribia kiasi hicho. Protini na nyuzinyuzi ndivyo vitu viwili vinavyoshibisha kwa muda mrefu. Anayekula mahamri manne na kuchovya katika vijiko viwili vya mbaazi amekula karibu kalori 900, na saa nne asubuhi anatafuta viazi karai. Anayegeuza sahani, bakuli la mbaazi na hamri moja, amekula karibu nusu yake na anafika adhuhuri. Hakuacha kitu. Hakununua oti wala mbegu za chia.

Sasa mtu atasema: na ile nazi? Hofu ya nazi imeingia hata kwa watu ambao mababu zao waliikuna kila siku, na inatokana na kutotazama inavyotumika. Nazi moja ya wastani ina kalori kama 1,400 katika nyama yake, na hesabu hiyo ndiyo inayotishia. Lakini nazi ikikunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa, sehemu ya mafuta hubaki katika chicha, na tui lenyewe ni la aina mbili. Tui la kwanza, zito, ndilo lenye mafuta; tui la pili, lililopatikana kwa kutia maji na kukamua tena, ni jepesi sana. Mpishi wa zamani alipikia mbaazi katika tui la pili mpaka zikaiva, akatia tui zito mwishoni, kidogo, likatokota mara moja na chungu kikateremshwa. Harufu na ladha zilikuwa za lile tui la mwisho. Siku hizi nazi zinasagwa kwa mashine, tui zito linatumika tangu mwanzo, na juu yake chungu kimeanzwa kwa kikombe cha mafuta ya kukaangia vitunguu. Hapo ndipo kalori zilipoingia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni yanayosifiwa, kina kalori 120, na hakimshibishi mtu hata kidogo. Staffan Lindeberg, daktari wa Sweden, aliwachunguza watu wa kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea, ambao walikula viazi vikuu, viazi vitamu, matunda, samaki na nazi. Zaidi ya nusu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, karibu mafuta yao yote yalitoka kwenye nazi, na watu wazima walikuwa wembamba. Hawakuwa na sukari ya paketi, unga mweupe wala karai la mafuta kando ya barabara.

Kuhusu saa za kula, mwezi wa Ramadhani unatosha kuwa ushahidi. Kama kufunga mdomo kwa saa nyingi peke yake kungepunguza mwili, basi kila mtaa wa Kisauni ungeingia Idi umekonda. Tunajua sivyo. Tafiti nyingi za mfungo zinaonyesha kupungua kidogo, kilo moja au mbili, na uzito unarudi katika wiki chache zinazofuata, kwa sababu futari ina sambusa, kaimati, tambi za sukari na uji, na daku linafuata. Wachina walilipima jambo hili mjini Guangzhou, wakachapisha matokeo mwaka 2022: watu 139 wenye unene wa kupindukia walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, nusu yao wakibanwa kula ndani ya saa nane tu za siku. Kubanwa huko hakukuleta faida ya ziada iliyothibitika. Kwa hiyo familia inayokula chajio saa tatu usiku, baba akisubiriwa avuke feri, haina kosa lolote la saa. Kinachohesabiwa ni kilichomo sahanini.

Pingamizi la kwanza ni la mwenye kazi ya suluba: mimi nabeba mizigo, chakula kinayeyuka. Herman Pontzer na wenzake walipima mwaka 2012 nguvu wanayotumia Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi mchana kutwa. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili ukitumia zaidi mahali pamoja hubana mahali pengine. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu, na mtu atembee, lakini mahamri mawili hayalipwi kwa kupanda mteremko wa feri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la pesa na la sinia. Samaki ni ghali, na mshahara wa kibarua haununui matunda kila siku. Ni kweli, ila ulaji ninaoutetea hapa unapunguza vitu vinavyonunuliwa, yaani mafuta, sukari na soda, na unaongeza mbaazi, kunde, mchicha na kisamvu, ambavyo katika soko la Kongowea ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu. Sinia ndilo tatizo halisi. Watu sita wanaokula pamoja hawawezi kupima kipande cha mmoja, na mgeni anayekataa kuongezwa anamuudhi mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo programu za simu za kuhesabu kalori hazifai kitu hapa. Kinachowezekana ni kubadilisha chungu kabla hakijafika mkekani, jambo ambalo linategemea mpishi, na mpishi kwa kawaida ni mwanamke ambaye hakuulizwa. Anayetaka kupungua ilhali hapiki, aanze kwa kuzungumza na anayepika, au aingie jikoni mwenyewe.

Wa tatu atasema yote haya ni polepole, na sindano za kupunguza mwili, za semaglutidi, zipo. Zinafanya kazi, bila shaka, na wapo wagonjwa wanaozihitaji. Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuziacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili za uzito waliopoteza, na hapo tunarudi kwenye muda. Kevin Hall wa taasisi za afya za Marekani alikokotoa mwaka 2011 kwamba kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, zikipunguzwa daima, hatimaye huleta upungufu wa takriban kilo moja. Nusu yake ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu yote ikifika mwaka wa tatu. Chukua chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, vikipunguzwa hadi kimoja kimoja, ni kalori kama 96 kwa siku. Hiyo ni kilo nne, mbili kabla mwaka haujaisha. Hamri moja likitolewa kila asubuhi ni kilo nane nyingine kwa hesabu hiyohiyo, na hamri hilo likirudi, kilo nane nazo zitarudi, kwa mwendo uleule wa miaka mitatu.