Kumfundisha mtoto nyumbani kwa kurekodi skrini ya simu

Wako watoto ambao ukiwaeleza hesabu kwa mdomo mara tano hawaishiki, lakini ukiwachorea mara moja wanakwambia, "Aa, kumbe ndivyo!" Mitaani kwetu mtoto wa namna hii huitwa mzito, na jina hilo likishamganda halimtoki kwa urahisi. Skulini mwalimu ana darasa lililojaa, hawezi kumchorea mmoja mmoja. Nyumbani mzazi anaingia Magharibi imeshapita, na bado hajapika. Kuna njia moja inayosaidia ambayo wengi wetu tayari tunayo mkononi: kurekodi kinachoonekana kwenye skrini ya simu au kompyuta pamoja na sauti yako ukieleza, kisha mtoto akaangalia kwa wakati wake, akasimamisha, akarudisha nyuma, bila mtu kumfokea.

Tuanze na chombo chenyewe. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11, lililotoka mwaka 2020, zimewekewa kirekodi cha skrini ndani yake. Vuta chini ile sehemu ya juu ya skrini, pale pale unapowashia data na tochi, utafute kitufe chenye alama ya kamera ya video. iPhone zimekuwa na kitufe hicho tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kabla ya kuanza, hakikisha umewasha maikrofoni, la sivyo utapata video bubu. Kama simu yako ni ya zamani, programu za kazi hii zimejaa Play Store, lakini soma ruhusa zinazoombwa. Programu ya kurekodi skrini haina haja ya kujua namba za jamaa zako wala kusoma meseji zako. Ikiziomba, ifute.

Kwenye kompyuta ya Windows 10, bonyeza Windows, Alt na R kwa pamoja, itaanza kurekodi dirisha la programu uliyoifungua. Windows 11 ina Snipping Tool inayoweza kurekodi video pia. Mac ni Shift, Command na 5. Ukitaka picha moja tu isiyosogea, kwenye Windows ni Windows, Shift na S, halafu unaikata sehemu unayoitaka. Kuna OBS Studio pia, ya bure na yenye nguvu, lakini kwa somo la dakika tatu ni kama kukodi lori kubebea mfuko mmoja wa unga.

Jambo ambalo wengi huliuliza: kurekodi hakuli bando. Bando huliwa pale unapotuma. Ndani ya nyumba moja mtoto ataangalia kwenye simu ile ile, au utampelekea kwa Bluetooth bila kulipa senti. Na tafadhali, kabla ya kurekodi zima arifa zote. Kirekodi huchukua kila kinachopita kwenye skrini, na hutaki meseji ya M-Pesa yenye salio lako iishie kwenye kundi la wazazi wa Gredi ya 5.

Sasa somo lenyewe. Chukua mfano unaowashinda watoto wengi: nusu ukijumlisha na theluthi. Mtoto huandika 2/5, kwa sababu amejumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini. Ukimwambia "tafuta kigawe kidogo cha shirika" umemwongezea giza. Fungua programu yoyote ya kuchorea kwa kidole, anza kurekodi, uchore mistatili miwili iliyo sawasawa kabisa. Wa kwanza ugawe kwa mstari mmoja wa kusimama, upake rangi nusu yake. Wa pili ugawe kwa mistari miwili ya kulala, upake rangi theluthi moja. Hapo uliza kwa sauti: vipande hivi vinalingana? Nyamaza kidogo. Kisha rudi kwenye mstatili wa kwanza, uukate kwa mistari miwili ya kulala, na wa pili uukate kwa mmoja wa kusimama. Kila mmoja sasa una vipande sita, vyote vya ukubwa mmoja. Nusu imekuwa vipande vitatu, theluthi imekuwa viwili. Hesabu vyenye rangi: vitano katika sita. Mtoto ameiona 5/6 kabla hujaiandika.

Video hiyo haizidi dakika tatu, na isizidi. Ikiwa ndefu, ikate sehemu mbili. Usiiremberembe kwa muziki na vikaragosi vinavyorukaruka, maana macho ya mtoto yatafuata kikaragosi. Na usiandike maneno marefu kwenye skrini huku ukiyasoma. Mtafiti Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi: watu hujifunza vizuri zaidi kwa maneno pamoja na picha kuliko kwa maneno matupu, na picha inayosogea huenda vizuri na maelezo ya sauti kuliko maandishi. Macho yaachiwe mchoro, masikio yaachiwe maelezo.

Hapa lazima niseme kitu ambacho baadhi ya wazazi hawatakipenda. Tumezoea kusikia kwamba fulani ni "mwanafunzi wa macho" na fulani ni "wa masikio", na kila mmoja afundishwe kwa mlango wake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork, walipitia tafiti zilizokuwapo wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumgawa mtoto hivyo na kumfundisha kwa mtindo wake kunamfanya ajifunze zaidi. Watoto wana wanachokipenda, hilo kweli. Lakini mchoro wa mistatili ile utamsaidia hata yule mnayemwita wa masikio. Kwa hivyo usimbandike mwanao jina jipya kuondoa la zamani. Angalia somo: je, lina umbo la kuonekana? Likiwa nalo, lionyeshe.

Na mengi yanalo. Mto Tana, kwa mfano. Kitabuni ni mstari mwembamba wa buluu. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, anzia Kipini unapoingia baharini, uupande mto taratibu huku ukirekodi: Garsen, Hola, Garissa, mpaka kwenye milima unakotoka. Mtoto ataona ukanda wa kijani ukipita katikati ya nchi kavu, na hutahitaji kumweleza sana kwa nini watu wamejenga kando yake. Ama herufi za Kiarabu, zinazowasumbua wanaoanza madrasa: ain ikiwa mwanzo wa neno ina sura moja, katikati sura nyingine, mwisho nyingine, na ikisimama peke yake nyingine tena. Kuieleza kwa mdomo ni kazi bure. Iandike polepole kwa kidole, mtoto auone mkono unapoanzia na unapogeukia.

Umuhimu wa haya mimi niliuona zaidi kwa dadangu. Yuko Jeddah, anafanya kazi za nyumbani, na mwanawe wa miaka kumi yuko hapa Mombasa na sisi. Saa zao na zetu ni moja, lakini yeye hupata nafasi usiku wa manane, mtoto keshalala. Kwa miaka miwili mawasiliano yao yalikuwa "umekula?" na "soma kwa bidii", ya Ijumaa kwa Ijumaa. Sasa mimi humpigia picha ukurasa wa kazi ya skuli nikamtumia. Yeye huchora na kueleza usiku, kwa sauti ya chini asimwamshe mwenye nyumba, na asubuhi video imeshafika. Ni yeye aliyemtoa mwanawe kwenye 2/5, si mimi.

Video yake moja ya dakika tatu huwa nzito iwapo simu imewekwa kurekodi kwa ubora wa juu. Kwenye mipangilio ya kirekodi mara nyingi unaweza kuushusha hadi 720, na mistari na namba bado zitasomeka.

Kuangalia tu hakutoshi, kwa sababu mtoto anaweza kutazama huku akili iko kwenye mpira. Mpe daftari, video isimamishwe kabla ya jibu, aandike lake kwanza. Na akishaelewa, mpe simu arekodi yeye, akifundisha hesabu nyingine ya aina hiyo hiyo. Hapo ndipo utasikia penye kigugumizi, yaani penye shimo. Wiki iliyopita mpwa wangu alirekodi robo ukijumlisha na theluthi. Alikwama kwenye kukata mstatili wa pili, akafuta, akaanza upya, na mwishoni akasema, "Mama, ni saba kwa kumi na mbili, sivyo?" Video ile ilitumwa kama ilivyo, na kufuta kwake ndani yake.