Makumbusho Matatu, Swali Moja

Wakati wa likizo wanachama wa klabu yetu tulifunga safari ya miji mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Tulitaka kuona makumbusho ya sanaa na kufanya mazoezi ya Kiswahili garini. Neno "makumbusho" linatokana na "kukumbusha". Basi kila tulipofika tuliuliza: tunakumbushwa nani, na wenyewe waliombwa ruhusa?

Louisville jibu tulilipata. Mwaka 2021, Speed Art Museum ilifanya maonyesho ya kumkumbuka Breonna Taylor, binti wa miaka 26 aliyeuawa na polisi nyumbani kwake Machi 2020. Mwandaaji, Allison Glenn, alizungumza na mama mzazi, Tamika Palmer, na jina la maonyesho likatoka katika mazungumzo yao: ahadi, ushuhuda, kumbukumbu. Katika picha iliyochorwa na Amy Sherald, Breonna amevaa pete ya uchumba ambayo hakuwahi kuvishwa.

Columbus, msanii mwenyewe ndiye aliyeamua. Aminah Robinson (1940–2015) aliiachia Columbus Museum of Art kazi zake na nyumba yake. Baba yake alimfundisha kuchanganya matope, vijiti, mafuta ya wanyama na gundi. Kwa mchanganyiko huo, pamoja na vitambaa na vifungo, aliwahifadhi majirani wa Poindexter Village, mtaa aliokulia.

Njiani kwenda Buffalo tulimzungumzia mtu ambaye hakuulizwa. Mwaka 1985, Monica Udvardy, mwanaanthropolojia aliyefundisha baadaye Chuo Kikuu cha Kentucky, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru wa pwani ya Kenya mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango viliibwa. Vilikuja kuonekana katika makumbusho mawili ya Marekani. Vimesharudi Kenya, lakini mzee alifariki bila kuviona tena.

Buffalo kulikuwa na baridi kali. Buffalo AKG Art Museum ina ukumbi ambao mtu huingia bila kulipa. Juu yake kuna paa la vioo, kazi ya Olafur Eliasson na Sebastian Behmann, linaloshuka katikati kama shina la mti. Watoto wawili walikuwa wamelala chali wakijitafuta kwenye vioo. Mama yao alikuwa akiwaita kwa Kiswahili cha Kongo.

"Habari yako, mama?" tulimsalimu.

"Muzuri," alijibu, akacheka kusikia lugha yake. "Miaka mitatu napita hapa nje. Sikujua kama tunaweza kuingia."

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani. Muhula ujao tutaandika kwa Kiswahili kijikaratasi chenye siku za kuingia bure katika makumbusho ya mji wetu, tukigawe sokoni, kanisani na msikitini. Atakayependa kutusaidia, karibu sana.