Ekari kumi, lakini za wapi?

Ukiambiwa shamba ni ekari kumi, unajua unachonunua. Uskoti ya zamani ungepaswa kuuliza kwanza: ekari za wapi? Ekari ya Kiskoti ilikuwa na karibu mita za mraba 5,100. Ya Kiingereza, hii hii tunayotumia sisi, ina 4,047. Yaani tofauti ya zaidi ya robo, na kodi inalipwa kwa ekari!

Ila ukirudi nyuma zaidi, swali halikuwa ardhi ina ukubwa gani. Lilikuwa: inalimwa na nani, inatoa nini? Chukua oksigangi, fungu la maksai mmoja. Plau nzito ilivutwa na maksai wanane, kwa hiyo oksigangi nane zilifanya shamba la plau moja. Kwenye vitabu oksigangi ilihesabiwa ekari 13, na plau nzima 104. Shambani mambo yalikuwa mengine: eneo lilibadilika kufuata udongo. Si uzembe huo. Maksai hachoki sawa kwenye mfinyanzi na kwenye kichanga.

Kaskazini walikuwa na davoki, kutoka neno la Kigaeli la pipa kubwa. Magharibi walihesabu kwa peni, na peni hiyo bado imo kwenye jina la kijiji cha Pennyghael, kisiwani Mull.

Sheria ya 1824 ilileta kipimo kimoja kwa Uingereza yote. Hati za kale hazikubadilika, lakini. Ukikuta moja imeandikwa ekari 100 za Kiskoti, kwa leo ni takriban 126.