Akiba ya Siku ya Taabu

Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walivamia Kamango, katika nchi ya Watalinga. Katika siku chache watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka na kuingia wilaya ya Bundibugyo, Uganda. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo Kamango ilishambuliwa tena.

Mwenye kukimbia huchukua nini? Mtoto mgongoni, blanketi na sufuria, basi. Shamba la kakao halitwikwi kichwani, wala mbuzi hawangoji kuitwa. Hapo ndipo kila baba na mama hujiuliza: Je, nimeweka nini kwa ajili ya siku kama hii?

Twajua jibu la wengi: “Tulicho nacho hakitoshi hata kula, tutaweka nini?” Neno hilo lina ukweli, nasi hatumcheki maskini. Lakini tutazame jambo hili vema. Mtoto ashikwapo na homa usiku, naye baba hana kitu, asubuhi yake atakwenda kwa mchuuzi na kuuza kakao ingali mtini, kwa bei ya chini. Miezi michache baadaye mavuno ni mengi, lakini si yake tena. Kumbe asiye na akiba hulipa zaidi kuliko mwenye nayo! Kwa hiyo mtu wa mapato madogo ndiye mwenye kuihitaji kupita wote.

Basi, aiweke wapi? Wengine huficha fedha chini ya godoro. Lakini nyumba huungua, mwizi huingia, nayo fedha yenyewe huweza kuoza. Wazee wetu wakumbuka mwaka 1993, zaire mpya moja ilipochukua mahali pa zaire 3,000,000 za zamani. Na mwaka 1998, faranga moja ilipochukua mahali pa zaire mpya 100,000. Wengine hucheza likelemba. Ni desturi njema, ila kila mtu hupokea kwa zamu yake, na ugonjwa haungoji zamu.

Katika Kivu iko njia nyingine iitwayo MUSO, yaani chama cha kusaidiana. Wanachama hukutana kwa siku maalum na kugawa michango yao katika mifuko. Mfuko wa kijani ni wa akiba na mikopo ya kazi. Mfuko mwekundu ni wa msaada tu: ugonjwa, msiba, ajali. Haufanyiwi biashara wala karamu. Tuhesabu: watu 25 wakitoa faranga 500 kila juma katika mfuko mwekundu, hupata 12,500, baada ya majuma 10 ni 125,000. Faranga 500 za mtu mmoja hazimponyi mgonjwa, bali za watu 25 zaweza kumfikisha kwa mganga.

Viko pia vikundi viitwavyo AVEC, ambavyo mfano wake ulianza mwaka 1991 kati ya wanawake wa Niger. Sanduku lao lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, na sanduku kwa mtu wa nne. Kila mkutano ukiisha, kiasi kilichobaki hutajwa kwa sauti, na wote hukishika moyoni. Hivyo hata asiyejua kusoma hawezi kudanganywa.

Mtu atauliza: “Vita vikirudi, sanduku litapona?” Hatuwezi kuahidi. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haimo sandukuni. Imo mikononi mwa wanachama waliokopa, na kila mtu anacho kijitabu chake. Deni hukumbukwa hata ng’ambo ya mpaka, kama watu ni waaminifu. Pasipo uaminifu, kufuli tatu ni chuma tu.

Basi, ndugu wasomaji, siku ya kuuza kakao toeni kwanza sehemu ya akiba, ndipo mwende dukani. Akisalia kidogo, aweke kidogo. Mume amwambie mke ilipo, na mke amwambie mume. Maana akiba ajuayo mtu mmoja hupotea pamoja naye. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kiwekwe kabla ya mvua kunyesha.